Mgahawa wa meza tisa mjini Bologna, Italia, ninakompeleka mama wa watu kula Jumapili

Menyu yao ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, na hubadilika kila wiki. Jumapili tuliyokwenda mara ya mwisho ilikuwa na vyakula vinne vya unga, vitatu vya nyama, mboga mbili na vitamutamu viwili. Basi. Pizza hakuna. Samaki hakuna. Na ile spaghetti ya nyama ya kusaga ambayo dunia nzima imeipachika jina la mji huu, usiitafute. Mgeni mmoja wa meza ya jirani aliiulizia. Binti anayehudumu akamjibu kwa upole kwamba nyama hiyo ipo, ila hapa huliwa kwa tagliatelle, zile tambi bapa za mayai, na zimekatwa asubuhi ile ile. Nimeanza na karatasi hiyo kwa sababu inaieleza nyumba nzima: wanapika kile tu ambacho mikono ya familia yao inaweza kukifanya vizuri siku hiyo, na kikiisha kimeisha. Utamu wote wa pale unatoka hapo, na usumbufu wake vilevile.

Mimi naishi Bologna, na kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mzee, mzaliwa wa hapa hapa. Nitamwita Signora, neno la Kitaliano la kumwita mwanamke kwa heshima, kama ninavyomwita nyumbani. Miguu yake imechoka, anatembea kwa kiti cha magurudumu, lakini ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Amefinyanga tortellini, vile vifungo vidogo vya unga vyenye nyama ndani, tangu utotoni, kila Krismasi, akiwa na mama yake na shangazi zake mezani, na chakula kibaya hawezi kukimeza kwa heshima ya mtu. Kwa hiyo maoni haya ni ya watu wawili. Mimi nina hamu ya mgeni anayejifunza, yeye ana kumbukumbu. Tulipopatana nitasema, na tulipotofautiana pia.

Jina la mgahawa sitaliandika. Mwenye nyumba mwenyewe aliniomba hivyo nilipomwambia nataka kuusifia. Ana meza tisa, na tayari kuna Jumamosi anawarudisha majirani waliokula kwake tangu enzi za baba yake. Nimemkubalia. Nitawaeleza nyumba ilivyo na chakula kilivyo, na anayejua cha kutafuta atazipata nyumba za aina hii, kwa sababu Bologna bado zipo.

Mahali penyewe ni upande wa Porta Saragozza, mbali kidogo na Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji, ambako watalii hujazana. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri na sisi hatukulowa. Mji huu una vibaraza vyenye paa vinavyopita kando ya barabara chini ya nyumba za watu; ukivijumlisha vyote vinafika kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa msukuma kiti cha magurudumu siku ya mvua, hakuna neema kubwa kuliko ile. Mlangoni pao kuna ngazi moja. Tulipokaribia, mwenye nyumba alikwisha kutuona kupitia kioo, akatoka na ubao wa mteremko na kuulaza chini kabla sijafungua mdomo.

Wenyewe ni wanne. Bibi, aliyevuka miaka 80, ndiye anayesukuma unga. Mwanawe ni wa ukumbini: anapokea wageni, anabeba sahani, anamimina maji, anapiga hesabu. Mke wa huyo mwana ndiye mpishi. Binti yao anasoma chuo kikuu, na Jumapili hujifunga aproni akamsaidia baba yake. Hakuna mwajiriwa hata mmoja. Ukiona mgahawa wa meza tisa tu na unajiuliza kwa nini hawaongezi, jibu ni hilo: meza ya kumi ingehitaji mikono ya mtu wa tano.

Sasa nieleze huo unga, maana ndio uliotupeleka pale.

Kati ya ukumbi na jiko wameacha dirisha pana lisilo na kioo, na nyuma yake kuna meza kubwa ya mbao. Tuliwahi kufika, kabla ya saa sita na nusu, na Signora akaomba nimsogeze karibu na dirisha hilo. Bibi alikuwa anamalizia bonge la mwisho. Kipimo chao ni kile kile cha mji mzima: yai 1 kwa gramu 100 za unga mweupe wa ngano. Maji hayatiwi. Bibi huyu hatii hata chumvi. Ukishakandwa hufunikwa ukapumzika, kisha ndipo unawekwa kwenye ubao na kusukumwa kwa fimbo ndefu ya mbao, ndefu kupita mkono wa mtu mzima. Hasukumi kwa kukandamiza. Anaanzia katikati kwenda nje, anauzungusha unga kidogo, anaukunjia kwenye fimbo, anaukunjua, na sehemu inayoning'inia ukingoni mwa meza inajivuta kwa uzito wake. Ndani ya muda mfupi bonge limekuwa shuka la njano, pana kuliko meza ya watu wanne.

Mjini hapa husemwa kwamba unga uliosukumwa sawasawa unaweza kuona San Luca kupitia kwake, yaani lile kanisa la kilimani linaloonekana kila ukiinua macho. Bibi aliinua pembe ya shuka lake juu kuelekea taa, nikaona kivuli cha vidole vyake. Signora akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaniambia niguse. Nilidhani utakuwa laini kama unaotoka kwenye mashine, lakini ulikuwa na ukwaruzo mdogo, ule unaoachwa na mbao juu ya mbao. Mashine ya chuma hulainisha uso wa unga mpaka mchuzi unateleza na kubaki chini ya sahani. Ukwaruzo huu ndio unaoushika. Signora alikuwa amenieleza jambo hili mara nyingi nyumbani na sikulielewa hasa mpaka nilipoligusa.

Kutoka kwenye shuka moja vinapatikana vyakula viwili tofauti, na haraka yake si moja. Unga wa tagliatelle huachwa ukauke kidogo, ukakunjwa, ukakatwa kwa kisu kirefu. Unga wa tortellini hauruhusiwi kukauka, kwa sababu kila kipande hufungwa bila kupaka maji wala yai. Unyevu wake wenyewe ndio gundi. Mkwe na mjukuu walikuja kusaidia hapo. Kipande cha mraba, punje ya nyama katikati, kinakunjwa pembetatu, kinazungushwa kwenye kidole, ncha mbili zinabanwa. Walifanya bila kuangalia, wakizungumza habari za mtihani wa binti. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Signora alivitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi siku hiyo yote.

Tulipokaa tuliagiza hivi: mimi tagliatelle kwa ragu, yaani ule mchuzi wa nyama ya kusaga, yeye tortellini ndani ya supu, kisha tukagawana nyama moja na mboga moja.

Tagliatelle kwanza. Mwenye nyumba, alipoona nazitazama upana wake, akaniambia habari ambayo watu wa Bologna wanaipenda sana, na ni kweli. Mwaka 1972 upana rasmi wa tagliatella uliwekwa kwenye Chemba ya Biashara ya mji: milimita 8 ikishapikwa, na wakaufananisha na sehemu moja kati ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli, ule mrefu wa katikati ya mji wenye mita 97. Sampuli yake ya dhahabu imehifadhiwa huko. Signora alisikiliza kwa adabu, akasema mama yake alikata kwa jicho na hakuna aliyewahi kulalamika. Za hapa zilikuwa za jicho pia. Nyingine pana kidogo, nyingine nyembamba, na mdomoni unaihisi tofauti hiyo, hakuna mikato miwili iliyofanana.

Ragu nayo ina karatasi yake rasmi katika Chemba hiyo hiyo, ya mwaka 1982, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2023. Sikutegemea karatasi kunisaidia kula, lakini inasaidia kujua kisichotiwa. Kitunguu saumu hakitiwi. Majani ya basili hayatiwi. Nyanya inatiwa kwa kiasi cha kuitia nyama rangi tu, haitakiwi kuifunika. Kuna nyama ya ng'ombe iliyosagwa kwa ukubwa wa punje, mafuta ya nguruwe ya tumboni, kitunguu maji, karoti, seleri, mvinyo, na mpishi huyu anatia maziwa kidogo mwishoni. Sufuria yake inakaa motoni tangu saa moja asubuhi. Nilijua hilo kabla sijaambiwa, kwa sababu nyama ilikuwa imefika mahali pa kuachia yenyewe bila kuwa ugoro. Sahani ilipokuja nyama haikuwa imekalia kilele cha tambi kama kofia. Ilikuwa imekwisha kuchanganywa kwenye sufuria, kila uzi umebeba sehemu yake. Nilipomaliza, chini hapakuwa na dimbwi la mafuta wala la maji. Palikuwa na rangi ya kahawia tu, na nikaipangusa kwa mkate mbele ya watu, na mwenye nyumba akafurahi.

Lakini ukinibana nichague kimoja, nitachagua supu, na sahani hiyo hata haikuwa yangu.

Supu ya tortellini hapa ni kitu cha kutulia nacho. Supu yenyewe ilikuwa imechemshwa kwa nyama ya ng'ombe, mfupa na kuku mzee, ikaenguliwa povu kila lilipopanda, ikaachwa ipoe usiku na mafuta yakatolewa asubuhi. Ilikuja ya dhahabu na ang'avu, unaona chini ya bakuli. Signora hakugusa tortellini. Alichota supu tupu, akapuliza, akaonja. Akachota tena. Binti alikuwa ameweka bakuli dogo la jibini ya Parmigiano iliyokunwa, na Signora akalisukuma pembeni kwa mkono. Jibini nzuri, iliyokaa miezi 30 wakati sheria inaridhika na 12, lakini yeye hataki kitu kisimame kati yake na supu kabla hajaipima. Ndipo akachukua kijiko cha kwanza chenye tortellini mbili.

Akasema, "Kungumanga imekaa mahali pake."

Hilo kwake ni sifa kubwa. Ndani ya tortellini mna kiuno cha nguruwe, prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi), mortadella (soseji nene ya nguruwe), Parmigiano, yai na kungumanga. Ndivyo ilivyo katika orodha iliyosajiliwa kwenye Chemba ile ile mwaka 1974. Vitu vyote hivyo vina harufu kali, na kungumanga ikizidi punje tu inavimeza vyote. Aliniwekea tatu kwenye sahani yangu niliyokwisha kuipangusa, na supu kidogo. Unga ulikuwa mwembamba, ukauma kidogo kwenye jino, halafu nyama ikaja yote kwa pamoja, chumvi na utamu na joto la kungumanga nyuma kabisa kooni. Nimekula tortellini za dukani zilizofungwa kwenye nailoni, na kuna mahali pengine mjini nililetewa zimezama kwenye krimu nzito. Sikujua kwamba nilikuwa sijazionja. Krimu inaficha kazi yote ya wale wanawake watatu dirishani. Supu haifichi kitu, ukiharibu unga au nyama au chumvi, vitaonekana.

Hapa nataka kusimama kwa ajili ya wasomaji wasiokula nguruwe, maana najua ni wengi. Bologna si mji mwepesi kwenu. Nguruwe yumo kwenye ragu, yumo ndani ya tortellini, yumo hata kwenye mboga ambazo kwa macho hazina nyama. Msiridhike na kutazama jina la chakula, ulizeni. Nilimuuliza mpishi kwa niaba yenu, na akatoka jikoni kunijibu mwenyewe. Kwake chakula cha kuaminika ni tortelloni, ambazo ni kubwa, zimejazwa ricotta, jibini laini nyeupe, na majani ya parsley, zikamiminiwa siagi na majani ya seji. Supu yao ina ng'ombe na kuku, haina nguruwe, lakini wanyama hao hawakuchinjwa kwa utaratibu wa halali, alinieleza hivyo waziwazi bila kujaribu kuniuzia. Alisema pia kwamba akiambiwa mapema kwa simu, atachemsha tortelloni kwenye sufuria yake peke yake. Uaminifu wa namna hiyo unanifanya niwaamini hata kwa vingine.

Chakula cha pili, yaani nyama, nitakipita haraka. Ni ile cotoletta ya Bologna: nyama ya ndama iliyopakwa chenga za mkate, ikakaangwa, ikalazwa prosciutto na Parmigiano juu yake, halafu ikatiwa supu kidogo na kufunikwa ili jibini iyeyuke. Ni nzito. Baada ya tagliatelle, watu wawili mnaikamilisha kwa shida. Imepikwa vizuri, lakini singeiagiza tena mbele ya tortellini. Friggione ndiyo niliyoipenda zaidi upande ule: vitunguu vingi vyeupe na nyanya chache, vimepikwa taratibu kwa saa kadhaa mpaka vimekuwa rojo tamu. Tuliila kwa mkate mpaka ikaisha na nyama ikiwa bado.

Kitamutamu hakikutufurahisha. Tuliagiza zuppa inglese, keki iliyoloweshwa kwenye alchermes, ile pombe nyekundu ya viungo, ikapangwa tabaka na krimu ya mayai. Krimu yao ilikuwa nzito, ina ladha ya unga mbichi, na sukari ilizidi. Signora aliacha nusu. Binti alipouliza kama kuna tatizo, Signora alimwambia ukweli, kwamba krimu imetolewa motoni mapema. Binti akasema ni yeye aliyeipika, na kwamba atamwambia mama yake. Hakununa. Mezani tukaletewa kahawa, na kahawa ilikuwa nzuri sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito sawa na chakula.

Nimeingia na Signora kwenye migahawa kadhaa ya mji huu. Kuna mahali mhudumu ananiuliza mimi, "Yeye atakula nini?" huku Signora amekaa pale pale, masikio yake mazima. Na kuna mahali menyu inaletwa moja tu, inawekwa mbele yake, na mimi nachukuliwa kama sehemu ya kiti cha magurudumu. Yote mawili yanauma, na mtu hawezi kula vizuri akiwa ameumizwa. Hapa, mwenye nyumba alileta karatasi mbili. Alimkabidhi Signora yake, akanikabidhi mimi yangu. Aliinama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya Signora, akamweleza vyakula vya siku, kisha akanigeukia akaniuliza mimi nitakunywa nini. Aliniita signora. Nilipomwambia situmii mvinyo, alileta maji na hakusisitiza, na Signora akapata glasi yake ya Pignoletto, mvinyo mweupe wa vilima vya hapa. Bibi alipomaliza unga alitoka jikoni, mikono bado ina vumbi jeupe, akakaa na Signora. Wakaanza kuulizana mtaa gani, shule gani, kanisa gani. Walikuta kwamba mama zao walinunua unga duka moja. Waliongea kilahaja cha Bologna ambacho mimi nakishika kwa vipande, na sikumwona Signora akicheka hivyo tangu nianze kazi kwake.

Nimefikiri sana kwa nini pale inawezekana na kwingine haiwezekani. Sidhani kwamba wahudumu wa kwingine wana roho mbaya. Wana meza nyingi na wanapimwa kwa haraka yao. Yule mwenye nyumba ana meza tisa na anajua kwamba kila anayekaa anaweza kurudi kwa miaka 30. Anayekuletea sahani ni mwana wa aliyesukuma unga na mume wa aliyepika. Ukidharauliwa mezani, ni nyumba yao yote imekudharau, na wanalijua hilo.

Kasoro zao nazo ni za udogo. Kati ya chakula cha kwanza na cha pili tulisubiri karibu dakika 40. Mwanamume mmoja na binti yake hawawezi kuzitosheleza meza tisa zikijaa kwa wakati mmoja, na zote hujaa kwa wakati mmoja. Ukumbi una dari la chini na sakafu ya vigae, kwa hiyo sauti zinagongana; mtu mwenye kifaa cha kusikia atapata taabu, akae mbali na katikati. Na lililo kubwa kuliko yote: choo kiko ghorofa ya chini, unashuka kwa ngazi. Ngazi ni nyembamba, haina lifti, na kiti cha magurudumu hakiwezi kushuka. Signora na mimi tulijua, tukajipanga kabla ya kutoka nyumbani, lakini mzee mwenye hofu ya kibofu hatapaswa kula huku anahesabu dakika. Nilimwambia mwenye nyumba bila kuzunguka. Alisema jengo ni la zamani na wao ni wapangaji tu, na kwamba amewahi kumwomba mwenye jengo. Namuelewa, ila ubao wa mlangoni unamwingiza mtu ndani, na mtu akishaingia ni binadamu mwenye haja zote. Kwa sababu hiyo peke yake siwezi kuwapa alama zote.

Bili yetu ilikuwa yuro 71.50 kwa watu wawili. Pesa ya kiti 2.50 kwa kila mmoja, imeandikwa wazi chini ya menyu. Tagliatelle 12, tortellini 15, cotoletta 18, friggione 6, maji 2.50, glasi ya mvinyo 4, zuppa inglese 6, kahawa mbili 3. Risiti ilikuja bila kuombwa, na kadi wanapokea. Bakshishi haikutarajiwa; nilipoacha sarafu mezani, binti alinifuata mlangoni akidhani nimezisahau. Sehemu yangu nililipa kwa mshahara wangu mwenyewe, na mshahara wa kazi yangu si wa kuchezea. Naona nilipata nilicholipia. Ukitaka kupunguza, acha chakula cha pili cha nyama kabisa, kula chakula kimoja cha unga na friggione, na utatoka umeshiba.

Usiende kama una treni ya kuwahi. Usiende na kundi la watu kumi, hawana meza ya kuunganisha. Watoto wanapokewa vizuri, tagliatelle bila ragu, na siagi na jibini tu, hupikwa bila maneno, lakini hakuna viti virefu vya watoto.

Nyumba za namna hii hufunga Jumapili jioni na Jumatatu, na Agosti wengi hufunga wiki nzima au zaidi kwa likizo, kwa hiyo piga simu kwanza. Kwa Jumapili, piga Alhamisi. Uliza watasukuma nini siku hiyo. Ikiwa kuna tortellini kwenye supu, omba wakuwekee sahani papo hapo kwenye simu, kwa sababu ikifika saa saba mchana huwa zimebaki chache. Taja kiti cha magurudumu ili wakupe meza iliyo karibu na mlango. Taja nguruwe kama humli. Na fika kabla ya saa sita na nusu, wakati dirisha la jikoni bado lina unga.